Mjukuu Wangu Huingizwa Mambo Yakishaharibika

Kazi ya mjukuu wangu ni kutupa mpira. Ukimwambia mtu hivyo pale stendi ya Dumila, kwenye kibanda cha chakula cha binti yangu, anasubiri umalizie. Anadhani utasema anatupa mpira na pia ni fundi umeme. Hapana. Anatupa mpira, basi, huko Ujapani, na wanamlipa.

Kuna kijana mmoja mpiga debe, ndiye mchokozi wetu mkubwa pale. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mzee, huo mpira wenyewe ni laini?"

"Mgumu," nikamwambia. "Mdogo, unaenea kiganjani, lakini mgumu kama jiwe."

"Basi anatupa mawe."

"Ni mpira, wewe."

"Mzee, hapa mtu akitupa mawe anapelekwa kituoni. Mjukuu wako kapelekwa na ndege!"

Watu wakacheka mpaka kijiko cha mtu kikaanguka. Na mimi nikacheka. Lakini nilicheka nusu, maana ile habari ya ugumu wa mpira ndiyo iliyokuwa inaninyima raha tangu mwanzo.

Mchezo unaitwa besiboli. Mimi nimeujua uzeeni, kwa hiyo nitaueleza kizee. Mtu mmoja anasimama juu ya kiduta cha udongo, mimi nakiita kichuguu, anatupa. Mbele yake kuna mtu wa timu nyingine ana gongo, anataka kuupiga ule mpira uende mbali. Akiukosa mara tatu, anatoka, na wakitoka watatu zamu yao imekwisha. Akiupata, anakimbia. Kuna vituo vya kukimbilia, kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka arudi pale alipoanzia, ambapo wanapaita nyumbani. Akifika nyumbani ni kama goli. Mengine usiniulize. Yapo mengi, na mimi mwenyewe huwa naitikia tu.

Sasa, yule anayeanza kutupa mara nyingi hamalizi. Mkono wa mtu ni nyama, unachoka. Ukichoka, wapigaji wanamzoea, wanampiga huku na huku, vituo vinajaa watu wanaosubiri kukimbilia nyumbani. Hapo kocha anatoka kwenye benchi, anatembea polepole kama mtu aliyetumwa kupeleka taarifa ya msiba. Mlango mdogo wa pembeni unafunguliwa, na mjukuu wangu anatoka. Hiyo ndiyo kazi yake. Huingizwa mambo yakishaharibika. Akiyatengeneza, wanampongeza yule aliyeanza. Akishindwa, lawama zote zake.

Ndiyo maana mimi na mama yake, huyu binti yangu wa kibanda, hatukuwa na dua moja. Yeye alikuwa anaomba ule mlango ufunguliwe, kwa sababu mtupaji asiyeitwa, msimu ukiisha anarudishwa kwao. Mimi nilikuwa naomba usifunguliwe. Tumekaa benchi moja, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, tunaangalia kitu kimoja, kila mtu na dua yake moyoni. Sijui Mungu alikuwa anatufanyaje sisi wawili.

Huko wanacheza usiku chini ya mataa. Kwetu inakuwa saa sita, saa saba mchana, jua la utosini, mabasi ya Dodoma yanaingia na wauza vitunguu wanayakimbilia madirishani. Binti yangu anapakua wali huku jicho moja liko kwenye simu. Kuna mteja alipakuliwa maharage mara mbili hakusema kitu, akala yote.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nisije nikawapoteza.

Baba yangu alikuja Kimamba kukata mkonge. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba za kambi. Mkonge una mwiba kwenye ncha, mweusi, mkali, na siku moja baba aliinama vibaya ukamwingia jichoni. Jicho likaenda. Nilikuwa mdogo, lakini ninaikumbuka ile sauti aliyoingia nayo nyumbani, haikuwa ya kulia, ilikuwa ya mtu anayeuliza swali. Tangu hapo mimi naogopa kitu chochote kinachokuja usawa wa uso. Hata mtoto akinirushia embe nishike, nafumba macho, embe linanipiga kifuani, watoto wanafurahi.

Kazi ya mkonge ilipokufa tukahamia Magole, tukawa watu wa mpunga. Anayelima mpunga anajua, ukishaanza kutia punje huna usingizi, wale ndege wadogo, kwelea kwelea, wanakuja kama moshi. Inabidi kuamia, yaani kukaa shambani kutwa nzima kuwafukuza. Sisi tunatumia fimbo nyembamba inayonesa. Unafinyanga donge la udongo, unalibandika kwenye ncha, unaipiga fimbo hewani, donge linaruka mpaka ng'ambo ya shamba. Kutwa nzima. Jioni bega si lako.

Na shambani kwetu kuna jambo moja ambalo sijaliona pengine. Ukiwa unaamia, husemi umechoka. Wazee walituambia ndege wanasikia, na wakisikia mtu amechoka wanaitana. Mimi sijui kama kwelea kwelea anajua Kiswahili au Kikaguru, lakini neno hilo sijawahi kulisema shambani, na sitalisema. Ukichoka unaweka mkono wa kushoto kisogoni, unautuliza hapo, unaangalia upande wa kivulini. Aliyeko kivulini akikuona anainuka, anakuja anaishika fimbo. Hakuna maneno.

Mjukuu wangu huyu amelelewa na mimi na marehemu bibi yake, kwa kuwa mama yake alikuwa Dumila anahangaika na biashara. Bibi yake alikuwa anamwita mume wangu, mimi namwita mume mwenzangu, ndivyo utani wetu ulivyo. Mtoto huyo alikuwa na mkono. Wengine wakirusha donge linaanguka katikati, la kwake linapita shamba linakwenda kwa jirani, na jirani anatukana. Kwa hiyo tulikuwa tunamtunza. Mchana anakaa kivulini, tunaamia sisi. Jua likishaanza kulala, ndege wanapokuja kwa fujo kula cha mwisho kabla hawajaenda kulala, na sisi mikono imekufa, ndipo tunaweka mikono kisogoni, naye anainuka.

Alifaulu akapangiwa sekondari Mikumi. Huko alikuwepo mwalimu Mjapani wa kujitolea, anafundisha hisabati asubuhi, na jioni anafundisha huo mchezo kwa gongo la kuchonga na glovu kuukuu. Nilikwenda kumwona mara moja tu. Basi linazunguka Morogoro, halafu linapita katikati ya hifadhi, na siku hiyo tembo walikuwa wanavuka lami. Dereva akazima gari. Abiria wanatoa simu wapige picha, mimi nimeinama chini ya kiti nimeshika kandambili ya mama wa watu. Akaniambia, "Baba, wameshavuka." Nikamwambia subiri kidogo, wa mwisho huwa anachelewa.

Nilipofika nikamkuta anatupa. Ule mpira ulikuwa unaingia kwenye glovu ya mwenzake kwa sauti, paa! kama mlango uliofungwa na upepo. Mimi sikumwangalia mjukuu wangu, nilimwangalia yule mtoto anayedaka. Nilikuwa nasubiri lini utampita mkono umpate usoni. Nililala Mikumi nikaondoka alfajiri, na kusema kweli sikurudi tena.

Yule mwalimu akawapigia simu watu anaowajua kwao. Mjukuu wangu akaitwa kujaribiwa, akachukuliwa. Si timu zile kubwa, alinieleza mwenyewe. Ni timu ya mkoani, wachezaji wanalala wawili chumba kimoja na basi lao ni la kawaida. Mwaka wa kwanza alikuwa anaingizwa wakati timu imeshafungwa sana, mashabiki wanakunja miavuli waondoke. Anatupa kwa ajili ya watu wanaoondoka. Mwaka wa pili wakamwona, wakaanza kumwingiza wakati wa hatari. Mama yake akawa anatembea Dumila shingo juu. Mimi ndio nikaanza kukosa hamu ya kula.

Maana aliyeko kwenye kichuguu ndiye wa karibu kabisa na mwenye gongo. Kuna siku mpira ulipigwa ukarudi moja kwa moja. Kwenye simu hukuuona, uliona tu kofia yake inaruka na yeye yuko chini. Binti yangu akaachia upawa ndani ya sufuria. Stendi nzima ikanyamaza, au mimi ndiye sikusikia. Halafu mjukuu wangu akainuka, akaokota kofia, akacheka. Mpira ulikuwa umepita sikioni. Mpiga debe akasema, "Mzee, vua fulana uikamue." Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni.

Sasa ndio nafika kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa mwezi wa nane, mpunga tumeshavuna, kwa hiyo nilikuwa nashinda Dumila karibu kila siku. Mlango ukafunguliwa, akatoka, vituo vyote vimejaa. Akatupa vizuri. Mtu wa kwanza akakosa. Mtu wa pili akakosa. Watu kibandani wanapiga meza. Akatupa tena, na baada ya kutupa, akaweka mkono wa kushoto kisogoni.

Nikasema ni jasho. Yupo mbali, ana glovu mkononi, anajifuta. Akatupa tena. Akauweka tena, akautuliza, na safari hii akageuza uso akaangalia pembeni, kule kwenye kile kimlango alikotokea. Akakaa hivyo. Hakuna aliyeinuka. Wale Wajapani wenzake wamekaa kwenye benchi lao wanapiga makofi wanamhimiza.

Mimi niliinuka. Sijui nilitaka kwenda wapi. Niliinuka nikapiga hatua mbili kuelekea barabarani, kama mtu anayekwenda kushika fimbo, na bodaboda mmoja akanipigia honi ya matusi.

"Baba, unakwenda wapi? Anamaliza!" binti yangu akaniita.

Akamaliza. Mtu wa tatu naye akakosa. Wakamrukia, wakamkumbatia, na mmoja akamshika ule mkono wa kulia akauinua juu. Nikaona jinsi alivyouma meno.

Jioni, wakati anaosha masufuria, nikamwambia binti yangu, "Nipe simu nimpigie mwanao. Anaumwa mkono."

"Amekwambia?"

"Ameweka mkono kisogoni."

Akanitazama kama amemwona mgonjwa. Yeye hakuamia na sisi miaka ile, na hata utotoni alikuwa mtu wa sokoni, shamba alilikimbia mapema. Nikamweleza. Akasikiliza huku anasugua sufuria moja tu, ileile.

"Baba," akasema, "wewe unaogopa hata kuku akiruka. Sasa unataka mtoto akaseme huko kwamba anaumwa? Wakimrudisha? Amebakiza mwezi msimu uishe, ndio wanaamua nani abaki. Mwezi tu, baba."

"Na mkono ukikatika ndani ya huo mwezi?"

"Usimharibie mwanangu."

Alichosema ni kweli, mimi ni mwoga, na mtu mwoga akisema kuna hatari ni nani atamsikiliza? Mimi mwenyewe nilianza kujiuliza kama niliona nilichokiona. Nilirudi Magole nikalala na hilo. Asubuhi nikamwomba kijana wa duka la vocha anipigie kwa simu yake, ile ya picha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umekula?"

"Nimekula wali."

"Na nini?"

"Samaki, babu. Mbichi."

"Mungu wangu."

Akacheka. Nikamwacha acheke amalize. Halafu nikamwambia, "Jana uliweka mkono kisogoni."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Mara mbili. Ukaangalia pembeni."

"Sikuweka, babu."

"Uliweka. Nimekuona."

Nikadhani mtandao umekata, nikawa naitikisa simu ya watu. Kumbe yupo.

"Babu, haki ya Mungu sikujua kama nimeweka."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Angeniambia ameweka makusudi, kwa utani wa nyumbani, ningepumua. Lakini mkono ulikuwa unaomba wenyewe, mwenyewe hajui, mbele ya uwanja mzima ambao hakuna hata mtu mmoja anayejua maana yake.

"Unauma?"

"Nikiamka. Nikiupasha moto unaacha. Nikishatupa unarudi."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Hapa kila mtu anaumwa. Nikisema, babu, ule mlango hautafunguliwa tena kwa ajili yangu. Wapo wengine, wamejaa."

Nikasema tu, "Mimi niko huku. Ningeweza kuja kukupokea ningekuja na hizi ndala. Siwezi. Na hao wenzako hawajui habari ya kisogo. Itabidi useme kwa mdomo."

"Niseme nimechoka?"

"Sema."

"Wewe ndiye uliyenikataza."

"Nilikukataza mbele ya kwelea kwelea. Hao ni watu."

"Nitaona, babu," akasema. Na mtu akisema nitaona, umemjua, hajakubali.

Binti yangu alijua siku ileile, Dumila na Magole si mbali, maneno yanapanda bodaboda. Hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akaniita baba kama kawaida, ila alikuwa ananiita kwa sauti ya kumwitia mteja.

Mechi iliyofuata tulikaa benchi lilelile. Mambo yakaharibika huko uwanjani, vituo vikajaa, kocha akatoka na mwendo wake wa msiba. Mlango ukafunguliwa. Akatoka kijana mwingine, mfupi, ana miwani.

Hatukuangaliana. Ukimtazama binti yangu ungedhani anaangalia mvuke wa sufuria. Mimi kichwani yalikuwa mawili tu, ama amesema, ama mkono umekatika mazoezini. Mpiga debe akaja kuchungulia simu, akafungua mdomo atupe neno lake, akatuona, akaufunga. Yule mfupi akapigwa vibaya. Wote waliokuwa kwenye vituo wakafika nyumbani. Binti yangu akazima simu, akaenda nyuma ya kibanda, na nilimsikia.

Mjukuu wangu alipiga simu kesho yake mchana. Alikuwa amesema. Alimwendea kocha na simu inayotafsiri, akaandika kwa Kiswahili, ikatoka kwa Kijapani, kocha akaisoma mara mbili. Daktari wao wa timu alikuwa ameshamshuku, alikuwa anamwona anavyovaa shati. Wakampeleka kupigwa picha. Mimi nilikuwa na uhakika ni bega, kwa kuwa kwetu huwa ni bega. Kumbe ni kiwiko. Kano ya ndani imechanika nusu. Nusu nyingine ndiyo iliyokuwa inatupa.

"Mara ngapi tena ingetupa?" nikamuuliza.

"Daktari anasema labda moja, babu. Labda ishirini. Hajui."

Wakampasua hukohuko. Siku ya kupasuliwa nilikaa msikitini kuanzia asubuhi, na sikusikia alichosema imamu hata kidogo. Msimu ukaisha. Timu haikusema aende, haikusema abaki. Walimwambia apumzike kwao, watamwita mwakani wauangalie mkono, kisha watajua. Sijui kama ndivyo wanavyowaambia wote.

Aliteremka Dumila juzi kwenye basi la mchana, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, mkono wa kulia umefungwa vyuma na mikanda usikunjike. Mama yake hakupiga vigelegele. Alimfutia benchi, akamnawisha mkono mmoja, akamwekea ugali na samaki, wa kukaanga. Kijana akaiangalia ile sahani. Mkono wa kulia haufiki mdomoni. Wa kushoto aliuinua kidogo, akautazama, akaurudisha chini ya meza, maana watu walikuwepo na amelelewa vizuri.

"Nipe kijiko, mama."

"Kijiko cha nini?" binti yangu akasema. Akanawa, akakaa karibu yake, akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi. Mwanamume mzima, ana ndevu, amecheza mpira Ujapani, akafungua mdomo. Konda wa basi lililokuwa limesimama alikuwa anatazama. Mpiga debe akamwambia, "Wewe, angalia abiria wako."

Alikula matonge yote. Katikati ya kula, mama yake akauliza, bila kumtazama, "Utatupa tena?"

"Sijui, mama."

Akakata tonge jingine. Mimi nilikuwa nauangalia ule mkono uliolala juu ya meza, vidole vyake vinakunjuka na kujikunja, vinakunjuka na kujikunja, na nilitaka kumuuliza kama ni yeye anayevichezesha. Sikuuliza. Niliogopa jibu.